Mahame, gofu au makumbusho: Funzo la wanawake waliookoa nyumba ya Douglass

Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kuipata nyumba moja kwa nyakati tofauti. Wenyewe wakihama na asipatikane mwingine wa kuingia, mahali hapo huitwa mahame. Paa likiporomoka na kuta zikabaki peke yake, tunasema gofu. Lakini nyumba hiyo hiyo ikipata watu wa kuizuia isifike huko, wakaikarabati na kuufungulia umma mlango, huweza kuwa makumbusho. Ni nini hasa kinachoitoa nyumba kwenye njia ya neno la kwanza na la pili na kuifikisha kwenye la tatu? Hilo ndilo swali la makala ya leo.

Wengi wetu tukiulizwa, jibu letu huwa jepesi: serikali. Nyumba ya mtu mashuhuri ikianza kuvuja, tunainyoshea kidole wizara. Sisemi kwamba serikali haina wajibu. Inao, tena mkubwa. Ila historia ya nyumba nyingi zilizopona duniani inaonyesha kwamba serikali aghalabu hufika baadaye, ikakuta kitu ambacho tayari kimeokolewa. Anayekiokoa ni yule aliyejitolea.

Tazama lugha yenyewe inavyolieleza jambo hili. Neno makumbusho halitokani moja kwa moja na kitenzi kumbuka, bali na kumbusha, yaani kauli ya kutendesha. Katika makumbusho basi lazima awepo mtu anayemfanya mwenzake akumbuke. Ukuta mtupu hauna uwezo huo hata uwe na miaka mia tatu. Na kitenzi kujitolea kinabeba kile kiambishi -ji- cha kujirejelea: anachokitoa mtu ni nafsi yake, na anakitoa kwa ajili ya kitu fulani. Mhisani hutoa fedha akaenda zake. Mwenye kujitolea hubaki pale pale na ufagio mkononi.

Mfano nitakaoutumia hautoki kwetu. Unatoka Washington, mji mkuu wa Marekani, na nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kumbukumbu zake zimetimia, kuanzia siku ya msiba wa mwenye nyumba hadi siku wageni walipofunguliwa mlango. Pili, waliofanya kazi hiyo hawakuwa matajiri wala wanasiasa. Walikuwa akina mama wa vyama, watu ambao msomaji wa Kenya atawatambua mara moja.

Mwenye nyumba

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818 au karibu na hapo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuijua tarehe yake ya kuzaliwa kwa yakini. Akiwa mtoto mjini Baltimore, mke wa bwana aliyekuwa akimtumikia alianza kumfundisha alfabeti. Mume alipojua, alipiga marufuku masomo hayo kwa hoja kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Douglass aliyasikia maneno hayo na akayaelewa kwa namna ambayo msemaji hakuikusudia: kumbe mlango wa uhuru uko kwenye herufi! Akaendelea kujifunza kwa siri, kwa kuwauliza watoto wa mitaani na kwa kuiga maandishi popote alipoyaona.

Septemba 1838 alitoroka. Mwaka 1845 alichapisha tawasifu yake ya kwanza, kisha akahamia Rochester, jimbo la New York, alikoendesha magazeti ya kupinga utumwa kwa miaka mingi. Juni 1872 nyumba yake ya Rochester iliteketea kwa moto. Pamoja nayo yaliteketea majalada ya magazeti hayo, hazina ambayo hakuweza kuipata tena kikamilifu. Kwa mtu aliyepata utu wake kupitia maandishi, hasara hiyo haikuwa ya mbao na mabati. Inatusaidia kuelewa kwa nini nyumba yake iliyofuata ilijaa karatasi, vitabu na picha zilizotunzwa kwa uangalifu.

Nyumba hiyo iliitwa Cedar Hill, yaani Kilima cha Mierezi. Douglass aliinunua mwaka 1877 kwa dola 6,700, pamoja na ardhi ya takriban ekari tisa. Iko mtaa wa Anacostia, ng'ambo ya mto, na ukisimama barazani unaliona kuba la Bunge la Marekani upande wa pili. Mtaa uliokuwa chini ya kilima hicho ulianzishwa katika miaka ya 1850 kwa masharti yaliyokataza viwanja vyake kuuzwa au kukodishwa kwa watu wenye asili ya Afrika. Hata Waairishi hawakutakiwa. Nyumba iliyo kileleni ilikuwa ya mmoja wa waanzilishi wa mtaa huo. Sasa mtu aliyezaliwa mtumwa ndiye aliyekuja kuimiliki, akaiongeza kutoka vyumba 14 hadi 21, na kila asubuhi akawa anautazama mtaa huo kutoka juu. Nyumba hiyo ilikuwa hoja kabla haijawa makumbusho.

Ndani yake mlikuwa na maktaba ya vitabu zaidi ya elfu moja. Mlikuwa na fidla aliyopenda kuipiga. Mlikuwa na bakora ya Rais Abraham Lincoln, ambayo mjane wa Lincoln alimpelekea baada ya rais huyo kuuawa mwaka 1865. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijumba cha mawe cha chumba kimoja alikojitenga kusoma na kuandika. Anna Murray, mke wake wa kwanza, alifariki katika nyumba hiyo mwaka 1882. Mwaka 1884 alimwoa Helen Pitts, mwanamke Mzungu aliyekuwa karani ofisini mwake, ndoa iliyozua maneno mengi katika familia zote mbili. Douglass mwenyewe alifariki humo tarehe 20 Februari 1895, jioni ya siku aliyokuwa amehudhuria mkutano wa kutetea haki za wanawake.

Wosia na rehani

Hapa ndipo nyumba nyingi hupotelea. Si kwa mvua wala mchwa, bali kwa karatasi. Douglass alikuwa ameandika wosia na kumwachia Helen nyumba hiyo. Sheria ya Washington wakati huo ilitaka wosia unaohusu ardhi na majengo uwe na saini za mashahidi watatu. Wosia wa Douglass ulikuwa na saini mbili. Kwa upungufu wa saini moja, nyumba ikaingia kwenye mirathi ya wote.

Helen alipendekeza kwamba nyumba pamoja na vyote vilivyomo vihifadhiwe kwa ajili ya umma. Watoto wa Douglass walitaka iuzwe, kila mtu apate haki yake. Masimulizi mengi huwaonyesha watoto hao kama watu wasiojali. Mimi naona tusiwahukumu haraka. Walikuwa wanadai urithi wa nyumba ambamo mama yao alifia, na aliyekuwa anawaambia waiache alikuwa mama wa kambo waliyemjua kwa miaka michache tu. Migogoro ya namna hii haina ugeni wowote kwetu. Nenda katika mahakama zetu zozote za mirathi ukajionee.

Helen hakushindana nao kwa maneno. Alikopa fedha, akawanunulia sehemu zao, na nyumba ikawekwa rehani. Kisha mwanamke huyu, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 60, alianza kuzunguka akitoa mihadhara ya kulipwa ili alipe deni. Kule nyumbani hakuruhusu vitu vitawanyike. Vitabu vilibaki kwenye rafu zake na dawati likabaki mahali pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Helen alilifahamu hilo pasi na kuisikia methali yenyewe. Mwaka 1900 alifaulu kulishawishi Bunge la Marekani kupitisha sheria iliyounda shirika la kuihifadhi nyumba hiyo kama ukumbusho wa Douglass.

Zingatia jambo hili, msomaji. Bunge lilitoa sheria. Halikutoa fedha za kulipa rehani. Helen alipofariki Desemba 1903, shirika lilirithi kilima, nyumba, vitabu, fidla, bakora na deni. Wakubwa kadhaa walijaribu kuchangisha, akiwemo Booker T. Washington, aliyekuwa kiongozi Mweusi mwenye sauti kuliko wote zama hizo. Deni lilipungua lakini halikuisha, na huku nyumba ilikuwa inazeeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huwa tunaitumia kwa mafumbo, lakini kwa mwenye nyumba ya mbao iliyo juu ya kilima, ni maelezo ya kawaida tu ya kinachotokea mvua ikinyesha.

Vyama vya akina mama

Mwaka 1916 mzigo ulihamishiwa kwa watu wengine kabisa: Chama cha Kitaifa cha Wanawake Weusi. Hiki kilikuwa muungano wa vyama vidogo vidogo vya akina mama kutoka majimbo mengi, uliozaliwa mwaka 1896. Wanachama wake walikuwa walimu, washonaji, wauguzi, wake wa wachungaji na wafanyakazi wa nyumbani. Waliendesha shule za chekechea, makao ya wazee na madarasa ya jioni. Kaulimbiu yao ilikuwa na maana kwamba tunapopanda, tunawainua na wenzetu. Kwa maneno mengine, ni kile ambacho sisi huku tungekiita chama, kikiwa na mshikamano wa harambee.

Rais wao tangu mwaka huo alikuwa Mary Burnett Talbert, mhitimu wa Chuo cha Oberlin aliyeishi mjini Buffalo. Talbert hakuanza kwa kutafuta tajiri mmoja. Aliipeleka kazi kwa vyama vyote vya matawi, kila kimoja kichange kadiri ya uwezo wake. Haba na haba hujaza kibaba. Miongoni mwa waliotoa alikuwapo Madam C. J. Walker, binti wa waliokuwa watumwa, aliyekuwa amefanikiwa sana katika biashara ya bidhaa za nywele. Mchango wake wa dola 500 ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, dola hizo 500 peke yake zisingeiokoa nyumba. Iliokolewa na zile fedha ndogo zilizotoka kwa wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika madaftari ya matawi yao.

Mwaka 1918, katika mkutano mkuu wa chama hicho mjini Denver, deni lilikuwa limelipwa. Hati ya rehani ilichomwa moto mbele ya wajumbe. Miaka 23 baada ya kifo cha Douglass, nyumba ilikuwa huru. Nasema huru kwa makusudi. Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine, nyumba yake nayo ilikuwa imekaa mikononi mwa wadai, na waliokuja kuikomboa walikuwa mabinti na wajukuu wa watumwa.

Baada ya deni ndipo ukarabati ulipoanza, maana vyama viliendelea kuchanga. Na hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo neno moja la ukarabati hulazimika kuyabeba. Anayekarabati nyumba ya kupangisha anataka ionekane mpya: anang'oa mlango wa zamani, anaweka wa kisasa, anapaka rangi inayopendwa mwaka huo. Anayekarabati nyumba ya makumbusho anafanya karibu kinyume cha hayo. Ubao ulio mzima huachwa, uliooza hubadilishwa kwa ubao wa aina ile ile. Rangi hukwanguliwa tabaka baada ya tabaka hadi ipatikane ile iliyokuwapo mwenyewe alipokuwa hai. Picha za zamani hutazamwa ili kiti kirudi kona yake. Ustadi wa kazi hii ni kujizuia. Mafundi hufanya kazi kubwa ili mgeni asione kwamba wamefanya kitu.

Cedar Hill ilikuwa na bahati moja katika jambo hilo. Kwa kuwa Helen hakuviacha vitu vitawanyike, akina mama hawa hawakulazimika kubahatisha au kununua samani za zamani madukani na kuzisingizia kuwa za Douglass. Hadi leo sehemu kubwa ya vitu ambavyo mgeni huviona katika nyumba ile ni vile vile alivyovitumia mwenyewe. Nyumba ngapi za makumbusho zinaweza kusema hivyo?

Mwaka 1922

Nyumba ilifunguliwa rasmi Agosti 1922. Ili tuuone uzito wa tukio hilo, hebu tutazame nini kingine kilitokea katika mji huo huo wakati huo huo. Tarehe 30 Mei mwaka huo, ukumbusho mkubwa wa mawe ya marumaru wa Rais Lincoln ulizinduliwa kando ya Mto Potomac. Lincoln ndiye aliyetia saini tangazo la kuwaachilia huru watumwa. Katika sherehe hiyo wageni Weusi walitengewa sehemu yao ya kuketi, mbali na Wazungu. Februari 1923, Baraza la Seneti lilipitisha mswada wa kujengwa kwa sanamu ya yaya mtumwa mjini Washington, kwa ombi la chama cha mabinti wa wanajeshi waliopigania majimbo ya watumwa. Wanawake Weusi waliupinga vikali na mswada ukafia katika Baraza la Wawakilishi.

Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na pendekezo la namna mbili za kumkumbuka mtu Mweusi. Moja ilitaka akumbukwe akiwa amembeba mtoto wa bwana wake, akitabasamu, bila jina. Nyingine ilimkumbuka akiwa ameketi kwenye dawati lake, katika nyumba aliyoinunua, akizungukwa na vitabu alivyovisoma licha ya katazo. Namna ya kwanza iliombewa kibali cha Bunge. Ya pili ilikuwa imeshalipiwa na akina mama kwa fedha zao.

Talbert mwenyewe aliyaona mambo haya kama kazi moja. Mwaka ule ule wa 1922 aliongoza kampeni ya wanawake ya kuunga mkono sheria dhidi ya mauaji ya Watu Weusi waliokuwa wakinyongwa na makundi ya wahuni bila kufikishwa mahakamani. Sheria hiyo ilikwama katika Seneti. Yeye alifariki mwaka 1923. Ukisikia mtu anasema kwamba kuhifadhi nyumba za kale ni anasa ya wasio na shida, mkumbushe kwamba wanawake hawa walikuwa na shida za kutosha. Walikarabati nyumba huku wakipigania uhai wa watoto wao.

Wapo waliotangulia, na hao nao wana la kutufundisha. Mwaka 1853 Ann Pamela Cunningham wa jimbo la South Carolina alianzisha kampeni ya wanawake ya kuiokoa Mount Vernon, nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, iliyokuwa inaelekea kuwa gofu. Wakachanga dola 200,000, wakainunua, na mwaka 1860 wakaichukua rasmi. Ndiyo kampeni inayotajwa kama chanzo cha harakati za kuhifadhi majengo ya kihistoria Marekani. Lakini Mount Vernon ilikuwa shamba la watumwa. Washington alipofariki mwaka 1799, watumwa zaidi ya 300 walikuwa wakiishi na kufanya kazi hapo. Kwa miongo mingi wageni waliambiwa habari za jenerali na rais, na habari za wale waliomlimia na kumpikia zikatajwa kwa kupitia tu. Nyumba hizi mbili hazitengani sana, zote karibu na mto mmoja wa Potomac. Ukarabati ulikuwa wa namna moja, na kujitolea kulikuwa kwa namna moja. Tofauti ilikuwa kwenye swali la nani anamkumbusha nani, na kuhusu nini.

Wala Cedar Hill haikuwa na kinga dhidi ya kusahau. Anna Murray aliishi na Douglass kwa miaka 44. Kabla hajaolewa, akiwa mtumishi wa nyumbani, ndiye aliyemsaidia kwa fedha zake ili aweze kutoroka. Hakujua kusoma vizuri na hakuacha maandishi. Binti yake, Rosetta, alilazimika kutoa hotuba mwaka 1900 ili mama yake asifutike katika simulizi. Nyumba iliyojaa vitabu humkumbusha mgeni mwenye vitabu kwa urahisi zaidi kuliko mwenye jiko. Wanaojitolea kutunza nyumba hawana budi kujiuliza kila mara ni sauti gani haina kitu chake kwenye kabati la vioo.

Baada ya shangwe

Siku ya ufunguzi huwa na nyimbo na keki. Miaka arobaini inayofuata haina. Kuanzia 1922 hadi miaka ya 1960 akina mama wa chama kile walilipa mtunzaji, wakaziba paa na kuwapokea wageni. Fedha hazikutosha kamwe na nyumba ikaanza tena kuchakaa. Hapo ndipo ulipoonekana mpaka wa kujitolea. Nguvu za watu wema zina kikomo, na paa halijali wema wa mtu. Septemba 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kuiweka nyumba hiyo chini ya idara ya serikali ya hifadhi za taifa. Ukarabati mkubwa ulifanywa na wageni wakafunguliwa tena mlango Februari 1972. Mwaka 1988 ikapewa hadhi ya Eneo la Kihistoria la Taifa.

Kwa hiyo serikali ilifika. Ilifika miaka 67 baada ya msiba. Ingekuta nini kama Helen hangekopa, na kama akina mama hawangechanga? Labda ingekuta ploti.

Kwetu tunalo jibu la swali hilo, na ni jibu linalouma. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu, nyaraka na sanaa za Afrika. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na sehemu kubwa ya mkusanyo wake, kwa matarajio kwamba nyumba ile ingekuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika. Vitabu na nyaraka zake zimehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, na yeyote anaweza kwenda kuvisoma. Nyumba yenyewe haipo. Haikuwa makumbusho, ilibomolewa. Wakati huo huo, nyumba ya mkulima Mzungu Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912, ipo hadi leo na ni makumbusho tangu mwaka 1986. Serikali ya Denmark ndiyo iliyoinunua na kuikabidhi Kenya baada ya uhuru. Sina kinyongo na nyumba ya Blixen. Ninachosema ni kwamba ilikuwa na watu wake wa kuisemea. Ya Murumbi ilikuwa na ahadi.

Sheria tunayo. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi za kitaifa inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na kulindwa. Lakini tumeona kule Washington kwamba sheria ya 1900 haikuziba hata tundu moja la paa. Sheria huhitaji watu.

Na watu hao waanze wapi? Cedar Hill inatupa mpangilio mzuri. Karatasi kwanza: wosia wenye mashahidi wa kutosha na hatimiliki isiyo na utata, kabla mzee hajaaga dunia. Kisha vitu vya ndani viandikwe na kupigwa picha kabla jamaa hawajavigawana. Michango iwe ya wengi, ili nyumba isiwe mateka wa mfadhili mmoja. Hatimaye pawe na makubaliano na serikali ya kaunti au ya kitaifa kuhusu nani atalipia paa miaka ishirini baadaye, kwa kuwa wanaojitolea nao huzeeka.

Kwa sisi wapenzi wa Kiswahili, suala hili lina dharura yake. Washairi na waandishi wetu wakongwe wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Wanaacha madaftari ya mashairi yasiyochapishwa, barua, kanda za sauti, miswada yenye masahihisho ya mkono wao, meza walizoandikia. Baada ya arubaini, chumba husafishwa, karatasi zikafungiwa maandazi na meza ikapelekwa jikoni. Hatuhitaji kungoja nyumba ya vyumba 21 juu ya kilima. Chumba kimoja katika nyumba ya udongo chaweza kuwa makumbusho, ilimradi kuna mtu mwenye ufunguo, daftari, na moyo wa kumweleza mtoto wa shule aliyeketi hapa alikuwa nani na aliandika nini.

Vyama tunavyo katika kila kijiji na kila mtaa. Tumevitumia kununua viti vya kukodisha, kusomesha watoto na kuzika wafu wetu kwa heshima. Chama kimoja katika kila kaunti kikiamua kuitunza nyumba moja tu, mwanzo utakuwa umepatikana. Na uamuzi huo ufanywe wakati bado kuna paa la kuziba.